Mwacheni Farasi Afungue Mdomo

Kwenye orodha ya vifaa vya lazima vya kupanda farasi kwa mtindo wa Kiingereza kuna kitu kimoja ambacho si cha lazima hata kidogo, na mara nyingi ndicho kinachokazwa kuliko vyote. Ni mkanda wa ngozi unaozunguka pua na taya la farasi. Ukiuliza kazi yake utapewa majibu matano tofauti, lakini ukiyakamua yote yanabaki jibu moja: unamzuia farasi asifungue mdomo. Mimi nasema mdomo huo uachwe ufunguke. Nasema hivyo nikiwa mtu ambaye kila Jumamosi anausafisha mkanda huo kwa sponji na sabuni ya ngozi, na anajua ni matundu yake yapi yamechakaa.

Nijieleze kidogo, nisije nikaonekana nimeokota maneno njiani. Nipo Uingereza kwa shahada ya uzamili ya isimu. Mji ninaosoma umezungukwa na mashamba, na si mbali na chumba changu kuna shule ya kupanda farasi inayowalipa wasaidizi wake kwa masomo badala ya pesa. Unazoa mavi na kusafisha matandiko kwa saa nne, unapata saa moja juu ya farasi. Nilikulia Tanga, mji wa baiskeli, na farasi wa kwanza kumgusa maishani nilimgusa nikiwa na miaka 24. Pengine ndiyo maana bado nauliza maswali ambayo wenzangu waliofungiwa mikanda hii tangu wana miaka sita hawaulizi tena.

Ukutani mwa stoo ya matandiko pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: vifaa vya lazima. Viko 14. Helmeti, fulana ya kinga, glavu, suruali ya kubana, buti. Tandiko, kitambaa cha chini yake, mkanda wa tumbo, vikuku na ngozi zake za kuning'inia. Ngozi za kichwani, lijamu, hatamu, mkanda wa pua. Mwishoni, fimbo.

Vingi kati ya hivyo sina ugomvi navyo. Helmeti hata haijadiliwi. Iwe imepimwa na ina alama ya kiwango, kama PAS 015 ya hapa Uingereza, na ikishapigika chini kwa nguvu mara moja itupwe hata kama huoni ufa. Hapo watu wa mchezo huu walichelewa, ila walifika. Katika dresaji, ule mchezo wa farasi kucheza hatua kama yuko gwaride, wapandaji wa ngazi za juu waliendelea kuvaa kofia ndefu za hariri hadi FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, lilipofanya helmeti kuwa lazima kwa wote mwaka 2021. Charlotte Dujardin alikuwa tayari amevaa helmeti aliposhinda dhahabu London mwaka 2012, na wapo waliodhani inaharibu sura ya mchezo.

Buti nazo ni lazima, lakini si kwa sababu ya ngozi inayong'aa. Ni kwa ajili ya kisigino. Kiatu kisicho na kisigino huteleza ndani ya kikuku, mguu ukapita wote, na ukianguka hapo unaburutwa. Kwa hiyo buti fupi la bei nafuu lenye kisigino cha sentimita mbili linakulinda kuliko raba ya laki tatu. Suruali ya kubana na glavu ni starehe, tena starehe nzuri, ila siwezi kumwambia mwanafunzi mwenzangu anayeishi kwa tambi za pakiti kwamba bila hizo hawezi kuanza.

Tandiko ndicho kifaa ningekiandika kwa wino mwekundu. Ndani ya ngozi ile kuna kiunzi kigumu ambacho upana wake lazima ulingane na mabega ya farasi huyu, si farasi mwingine. Katikati, chini, kuna mfereji unaopita juu ya uti wa mgongo bila kuugusa. Nyuma, tandiko haliruhusiwi kupita ubavu wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo ni kiuno kisichoweza kubeba uzito. Farasi hubadilika umbo: akinenepa, akizeeka, akipumzishwa miezi miwili, misuli ya mgongo huja na kuondoka. Tandiko lililomtosha mwezi wa Mei linaweza kumbana mwezi wa Novemba. Nimeona shule zikiwa na farasi kumi na matandiko sita yanayozungushwa. (Kwa Kiswahili kutandika ni kuweka tandiko, na pia ni kuchapa. Lugha yetu ina uchunguzi wake.)

Fimbo mnaipa nafasi ya kifaa cha lazima kwa mtu ambaye bado hajui mkono wake uko wapi. Niachieni hapo. Dujardin yuleyule alijiondoa kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kutokana na video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni wakati akifundisha, na FEI ikamfungia mwaka mmoja. Dunia nzima ililiona hilo na ikakasirika, kwa sababu fimbo inaonekana. Kelele yake inasikika hata kwenye video ya simu. Mkanda uliokazwa hauna mlio.

Kabla ya kuufikia huo mkanda, neno kuhusu hatamu. Sisi Waswahili tunalijua neno hili vizuri ajabu kwa watu ambao wengi wetu hatujawahi kuzishika. Gazeti likiandika kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, hakuna anayekwenda kutafuta kamusi. Tanzania ya chama kimoja ilikuwa na kauli yake kamili: chama kushika hatamu. Katika matumizi hayo yote tunamwona anayeshika. Upande wa pili wa kamba, pale inapoishia, hatuutazami. Unaishia kwenye chuma, na chuma kiko mdomoni mwa kiumbe.

Chuma hicho ndicho lijamu. Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani na magego ya nyuma ya kusagia, na kati yake pana nafasi isiyo na jino, ufizi mtupu uliotandazwa juu ya mfupa mwembamba. Ulimi umelala hapo. Lijamu hukaa juu ya ulimi na ukingo wa ufizi huo, na kila ukivuta hatamu, uzito wa mkono wako unafika hapo. Mkono wa mtu aliyejifunza miaka ishirini hufika kama ujumbe. Mkono wangu, na wa kila mwanafunzi anayejishikilia asianguke, hufika kama ndoano.

Sasa, farasi akiumizwa hapo atafanya nini? Hatalia kama mbwa. Ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa hatangazi maumivu yake. Alichonacho ni kufungua mdomo, kutoa ulimi pembeni, kutafunatafuna, kutupa kichwa juu. Hiyo ndiyo lugha yake yote katika jambo hili, haifiki maneno matano. Na ndiyo hiyo mkanda wa pua unayoifunga.

Upo mkanda wa kawaida, unaofungwa mara moja. Upo wenye kijimkanda cha pili kinachopita chini ya lijamu na kukaza kidevuni. Na upo ule ambao ngozi yake hupita kwenye pete na kujirudia, kama kamba ya kukazia mzigo wa lori, ili mkono wa binti wa miaka kumi na miwili uweze kubana taya la mnyama wa nusu tani. Huu wa tatu huuzwa ukiwa na sponji nene ndani yake, na sponji hiyo ndiyo inayoitwa huruma.

Kanuni ya zamani iko kwenye vitabu vya mafunzo: acha nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na pua. Wengi wanaikariri. Kisha vidole hivyo huingizwa pembeni, shavuni, kwenye nyama laini inayobonyea, badala ya juu ya mfupa wa pua ambako hakuna pa kudanganyia. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima mikanda ya farasi wa mashindano wapatao 750 huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Waliokuwa na nafasi ya vidole viwili walikuwa asilimia 7. Waliokuwa hawana nafasi kabisa, hata ya kupitisha ncha ya kipimo, walikuwa asilimia 44. Hao si farasi wa watu wasiojua. Hao ni wa watu waliolipa kiingilio na kusuka manyoya ya shingo ya farasi wao asubuhi na mapema.

Mwalimu wetu ni mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Ana mikono laini kuliko mtu yeyote niliyemwona juu ya farasi, na amewahi kukesha bandani na mgonjwa usiku wa barafu. Nilipomuuliza kwa nini tunakaza mkanda hadi tundu la nne, alinijibu kwa subira: farasi akiachwa afungue mdomo, anaikwepa lijamu. Neno hilo la kukwepa ndilo linalotumika kwenye vitabu pia, na mimi ni mwanafunzi wa isimu, siwezi kulipita hivihivi. Kukwepa kuna mashtaka ndani yake. Anayekwepa kodi ana hatia, anayekwepa zamu ni mvivu. Ukisema farasi anakwepa, umeshamhukumu kabla hujachungulia mdomoni. Sema kwamba farasi anaondoa ufizi wake kwenye chuma, uone kama mkono wako bado unataka kukaza.

Shuleni kwetu kuna jike mmoja wa kahawia ambaye jina lake silitaji, nisije nikaitaja shule. Nitamwita Bibi, kwa kuwa ana miaka 19 na hapendi haraka. Ndiye anayefundisha watu wapya wote. Majira ya vuli yaliyopita mkanda wake wa pua ulikatika mshono, ukapelekwa kwa fundi wa ngozi, na kwa wiki mbili Bibi alifanya kazi bila huo. Nilikuwepo Jumamosi zote mbili. Mwanafunzi alipopoteza mizani na kujishikilia kwa hatamu, Bibi alifungua mdomo wazi, kila mtu akaona hadi meno, na mwalimu akapaza sauti: mikono! Mwanafunzi akaona aibu, akalegeza, Bibi akafunga mdomo. Hivyo hivyo, mara kumi, mara ishirini. Jumamosi ya pili ilikuwa mara chache zaidi, na wanafunzi walikuwa walewale. Baada ya hapo mkanda ukarudi kutoka kwa fundi ukiwa na mshono mpya, ukakazwa tundu la nne, na mwalimu akaacha kupaza sauti. Hakuwa na la kuona. Mikono ilikuwa imeanza kurudi ilikokuwa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi kama mwanafunzi, achilia mbali huruma kwa wanyama. Tunalipia masomo, wengine kwa pauni na mimi kwa toroli za mavi, halafu tunamfunga mdomo mwalimu pekee anayejua mkono wetu umekosea wakati ule ule unapokosea.

Wiki mbili na farasi mmoja si utafiti, najua. Lakini utafiti upo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha matokeo ya kuwafunga farasi 12 mkanda kwa viwango tofauti vya kukaza. Ulipokazwa bila nafasi, mapigo ya moyo yalipanda, joto la jicho likapanda, kutafuna kukakoma. Mkanda ulipofunguliwa, farasi walipiga miayo, wakameza mate, wakalamba midomo kuliko kawaida, kama mtu anayelipiza alichonyimwa. Kumeza mate! Hatuzungumzii uhuru wa hali ya juu hapa.

Najua majibu, nimeshayasikia yote juu ya kikombe cha chai chenye manyoya ya farasi ndani yake.

La kwanza ni kwamba ukilegea hauna madhara. Nakubali kabisa. Lakini basi niambieni unafanya nini? Ukiwa umelegea haufanyi kazi, na ukianza kufanya kazi haujalegea tena. Kifaa ambacho ubora wake wote ni kutofanya chochote hakiwezi kuwa namba 13 kwenye orodha ya vya lazima.

La pili ni usalama: farasi akichachamaa utamshikaje? Mkanda wa pua si breki. Kwenye kuruka viunzi, hata katika ngazi za juu kabisa, sheria zinaruhusu farasi aingie uwanjani bila lijamu yoyote mdomoni, na wapo wanaofanya hivyo mbele ya viunzi vya mita moja na nusu. Farasi husimama kwa sababu amefundishwa kusimama. Asiyefundishwa, ukimbana taya, unapata farasi yuleyule anayekimbia akiwa na maumivu juu.

La tatu ndilo la kweli, na husemwa kwa sauti ya chini: majaji. Kwenye dresaji, mdomo uliofunguka hupunguza alama, kwa kuwa ni ishara kwamba farasi hana raha na mkono wa mpandaji. Ni kanuni nzuri kabisa. Basi tukaifunga ishara, tukabakiza alama. Ni sawa na fundi anayebandika utepe mweusi juu ya taa ya mafuta kwenye dashibodi, kisha anakukabidhi gari na kukuambia taa haiwaki tena. FEI wenyewe wameona aibu ya jambo hili, na mwaka 2025 wameanza kutumia kipimo maalumu kinachopitishwa juu ya mfupa wa pua kwenye mashindano yao, ili mjadala wa kidole cha nani ni kinene uishe. Ni hatua, siikatai. Lakini kipimo hicho kiko kwenye mashindano ya kimataifa, na Bibi hatakwenda kwenye mashindano ya kimataifa. Wengi wa farasi duniani wanaofungwa mkanda huu wako kwenye shule kama yetu, Jumamosi, na anayeufunga ni mtu aliyeambiwa afunge.

Hapo ndipo nataka kuzungumza na nyinyi wa nyumbani mnaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kwanza, si yote. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anasimulia alivyopanda farasi akiwa msichana Unguja. Ni kweli kwamba mbung'o na maradhi viliwafanya farasi wawe wachache bara, na kwamba mtindo huu wa Kiingereza uliletwa na walowezi. Lakini haukuondoka nao. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, upo tangu 1954. Polo inachezwa Arusha. Mashule ya kupanda yapo, na picha za arusi na siku za kuzaliwa zilizopigwa juu ya farasi mnaziona kwenye simu zenu kila wiki.

Pili, tazameni ni nani anayefunga huo mkanda. Siku hizi anayepanda anaweza kuwa wa rangi yoyote na taifa lolote. Anayetandika, kwa sehemu kubwa, ni mtu anayezungumza Kiswahili: saisi, mtunza farasi, aliyeamka kabla ya jua, anayemjua farasi kwa harufu ya mavi yake. Akimaliza kufunga, anamkabidhi mwenye kupanda hatamu na kurudi nyuma. Yeye ndiye anayeosha lijamu jioni na kuiona ikiwa na damu. Namjua kidogo mtu huyu, kwa sababu Jumamosi nami ni yeye, na ninajua swali lake lina uzito kiasi gani mbele ya mteja aliyelipa. Tuna methali ya biashara hii, afe punda mzigo wa bwana ufike, na sijawahi kumsikia anayeitamka akiwa upande wa punda.

Kwa hiyo mkienda kupanda, iwe Karen au Arusha au huku kwenye matope, msianze na kutafuta buti za kukodi. Mkaribieni farasi kwa upande wa kushoto, msalimieni mtu anayemshika, kisha wekeni vidole viwili juu ya mfupa wa pua, katikati, si shavuni. Visipopita, ombeni mkanda ulegezwe hadi vipite, na mwambieni saisi, kwa sauti ambayo mwenye shule ataisikia, kwamba mmeomba nyinyi. Au ombeni uvuliwe kabisa. Kuuvua, nusu dakika haifiki. Wakikataa, hiyo saa moja hamjailipia bado.